Kiti cha Muzee Habarurema

Goma, 5 Februari 1956

Shangazi yangu Séraphine,

Nakusalimu wewe, mumeo Papa Florent na wote wa hapo Kadutu. Sisi huku ni wazima. Papa, kaka yako, mguu wake umepona, ila anaendelea kuchechemea kila Mama anapomwomba aende Munigi kuangalia maharagwe. Mbuzi wetu mweusi amezaa mapacha. Mimi bado ni karani kwenye ghala la bandari na wakubwa wangu hawajalalamika.

Baada ya salamu hizo nina jambo dogo, dogo kabisa. Pale Serkle, ile nyumba tunamokutana Jumapili kusoma magazeti, wametuletea meza ya biyari. Imetoka Uganda, ni ya aina ile yenye mashimo sita. Lori lilikwama kwenye matope Kalengera, wakaishusha meza, wakaipandisha tena, na katika kushusha na kupandisha huko mguu mmoja ukabaki njiani. Tumeweka jiwe la volkano mahali pa mguu. Jiwe ni fupi kidogo, kwa hiyo mpira ukiachwa peke yake huondoka polepole bila kuaga. Mchezo wetu ni rahisi: mipira kumi na mitano, na anayetangulia kuingiza minane ameshinda.

Najua kwamba kwenye baa yako kuna meza ya biyari tangu zamani. Naomba unieleze mtu afanye nini ili acheze vizuri zaidi. Ni kwa kujifurahisha tu, kunyoosha mgongo baada ya kazi. Mara nyingi nacheza na Muzee Habarurema, msimamizi wa kiwanda cha kahawa. Muzee Habarurema ni mtu wa heshima sana. Muzee Habarurema hunishinda kila mara.

Tafadhali usimwambie Papa. Anadhani Jumapili mchana niko kwenye kwaya.

Mwana wa kaka yako,
Honoré Ndayambaje

*

Bukavu, 21 Februari 1956

Mwanangu Honoré,

Barua yako imefika imelowa, sijui meli iliibeba au iliikokota majini. Sisi tunaendelea. Papa Florent ameng'olewa jino na sasa maneno yake hayasikiki vizuri, lakini hakuwa na jipya la kusema, kwa hiyo hatujapoteza kitu. Mvua imetoboa paa upande wa jikoni. Mwambie kaka yangu aende Munigi. Mguu wake naujua tangu tukiwa watoto, ulikuwa unauma siku za kuchota maji tu.

Kwanza nikuambie jambo moja ili tuelewane. Mimi sijawahi kushika fimbo ya biyari. Mimi ni mke wa mtu, nakaa nyuma ya meza yangu nauza bia. Lakini macho ninayo, na kwa miaka yote hii nimeona wanaume wakikosea mbele yangu huku wakijisifu.

Kosa lenu vijana ni kwamba mnaupenda mpira mnaotaka kuuingiza. Usiupende. Ukishaingia shimoni umemalizana nao. Utakaobaki nao ni ule mweupe unaoupiga kwa fimbo. Kwa hiyo kabla ya kupiga jiulize mweupe utalala wapi, na ukilala hapo utaona mpira gani mwingine. Kama hujui, usipige kwanza, zunguka meza, paka chaki kwenye fimbo, jifanye unafikiri mpaka ufikiri kweli. Na punguza nguvu. Nina hakika unapiga kama mtu anayepasua kuni, kwa sababu baba yako alikuwa akifanya kila kitu hivyo.

Ukiona huna mpira wa hakika, usibahatishe. Sukuma taratibu, mweupe ukaegemee ukingo wa meza, mbali na kila kitu, kisha umpishe mwenzako ahangaike. Hakuna aibu katika kumwachia mtu taabu.

Sasa zamu yangu ya kuuliza. Huyo Habarurema ni yupi? Ni yule mrefu anayekohoa mara mbili kabla ya kupiga? Basi, acha, wenye jina hilo ni wengi. Umelitaja mara tatu mfululizo, na kijana hamtaji mzee wa watu namna hiyo bila sababu. Ana binti?

Shangazi yako,
Séraphine

*

Goma, 18 Machi 1956

Shangazi mpendwa,

Pole kwa paa, na pole kwa jino la Papa Florent. Hapa mbuzi mmoja kati ya wale mapacha amekula karatasi za kwaya ambazo nilikuwa nimeziacha nje ili Papa azione. Mama anakusalimu.

Muzee anakohoa mara mbili kabla ya kupiga, ndiyo. Umejuaje?

Na binti anaye. Anaitwa Pascasie, anafundisha ushonaji kwa masista. Nilikuwa nikuambie, sikupata nafasi kwenye karatasi. Tumepatana, yeye na mimi, lakini mlango ni baba yake. Nilipomwendea ili nimwombe ruhusa ya kumleta Papa kuzungumza, alikuwa anapaka chaki kwenye fimbo yake. Alinijibu hivi: "Miye siongeake mambo ya binti yangu na mutu asiyenishinda biyari. Na weye usijaribu kuniachilia nishinde, nitajua." Nikamweleza kwamba sijawahi kumwachilia, ananishinda kweli. Alisema hilo ndilo linalomsikitisha.

Mafundisho yako ni mazuri. Sasa sipigi kwa nguvu, na mara nyingi mweupe unalala ninapotaka. Watu wa Serkle wameshangaa. Lakini bado nashindwa, kwa sababu kuna upande mmoja wa meza ambao siwezi kuutumia. Upande huo si mmoja siku zote. Unahama.

Naomba unishauri juu ya hilo.

Honoré

*

Bukavu, 2 Aprili 1956

Mwanangu,

Pasaka njema. Tumekula mbuzi, na nilipokuwa nakula nilimkumbuka huyo wenu mla nyimbo. Fundi wa paa amekuja, amepanda, ameangalia, ameshuka, amesema mvua ikiisha atarudi. Mvua ikiisha nitamhitaji wa nini?

Barua yako nimeisoma mara mbili, na Papa Florent ameisoma begani mwangu, na wote wawili hatukuelewa. Upande wa meza unahamaje? Kuna ukuta karibu? Kuna nguzo? Mtu akishindwa kupiga kutoka upande fulani ni kwa sababu fimbo inagonga kitu. Niambie inagonga nini. Siwezi kumtibu mgonjwa anayeficha kidonda.

Kuhusu nilivyojua habari ya kukohoa, wanaume wengi hukohoa. Tuendelee na yako.

Wakati unangoja kunijibu, jizoeze hili: ukiwa na mpira rahisi na mwingine mgumu, usiingize ule rahisi kwa haraka ya kushangiliwa. Utumie kuupeleka mweupe penye ule mgumu. Ule rahisi ni ngazi, ukiupoteza bure utabaki chini. Na ile mipira iliyosongamana katikati, usiivuruge kama huna uhakika wa kuendelea kucheza, maana utakuwa umemwandalia mwenzako chakula.

Habari ya Pascasie imenifurahisha sana. Anashona vizuri?

Shangazi

*

Goma, 29 Aprili 1956

Shangazi,

Anashona vizuri sana. Shati ninalovaa Jumapili ni kazi yake. Mama amepona mafua. Papa ameenda Munigi mwenyewe, bila kusukumwa, tukashangaa, kumbe huko kuna mtu anayemdai kiti cha msalani ambacho Papa alikiazima, akaenda kujadiliana naye.

Sasa niseme kidonda. Fimbo haigongi kitu. Ni mimi. Papa alitufundisha tangu utotoni kwamba hata ukiwa na haraka namna gani, humpi mukwe makalio. Unatoka mbele yake kwa kurudi nyuma, unaokota kitu kwa kuchuchumaa, na njiani unampisha ukiwa umemgeukia. Na biyari, shangazi, ni mchezo wa kuinama. Ukiinama juu ya meza, yule aliyekaa nyuma yako unampa kila kitu.

Jumapili ya kwanza sikufikiri. Nilizunguka meza, nikainama, nikakumbuka nani yuko nyuma yangu, mwili ukakataa. Nilipiga nikiwa nimesimama wima kiubavu, mpira mweupe ukaruka ukaanguka chini. Muzee aliona. Jumapili iliyofuata alikuja na kiti chake cha kukunja.

Pale kwetu sheria ni kwamba mwenzako akianza zamu yake, wewe unakaa na hunyanyuki mpaka akosee. Kwa hiyo Muzee anaangalia ni mpira gani unanifaa, anabeba kiti, anakikunjua nyuma kabisa ya mahali ninapopaswa kusimama, anakaa, anavuka miguu. "Piga, kijana," ananiambia. "Unaogopa meza ao unaogopa miye?" Watu wanakuja sasa kutoka mbali. Wengine hata biyari hawaijui, wanakuja kuona kiti kitawekwa wapi.

Pascasie amesikia. Ameniuliza kama ninamchumbia yeye au ninachumbia kile kiti. Nilicheka, lakini nilikwenda nyumbani nikiwa na uchungu. Kuna karani mmoja wa Rutshuru, Télesphore, ambaye wazee wake wanaleta pombe ya posa mwishoni mwa Juni. Pascasie hamtaki, amelia mbele yangu, na yeye si mtu wa kulia. Muzee amesema atanipa mchezo mmoja wa mwisho Jumapili tarehe 17 Juni. Nikishindwa, atapokea pombe ya Rutshuru.

Shangazi, nampenda. Sijui nifanye nini na huu mgongo wangu.

Honoré

*

Bukavu, 20 Mei 1956

Honoré mwanangu,

Unisamehe. Nilicheka mpaka Papa Florent akatoka jikoni, naye akaisoma akacheka, akasimulia wateja, na sasa Kadutu nzima inauliza Jumapili ni lini. Baadaye nilifika pale uliposema unampenda, nikaacha kucheka. Barua hii nimeipa dereva ninayemwamini, kwa sababu meli iko kwenye matengenezo na siku zinakwenda.

Sikia vizuri. Huyo mzee amekusaidia na hajui. Wachezaji wengine wana meza nzima, ndiyo maana hawafikiri. Wewe umenyang'anywa upande mmoja, ikabidi ujue mweupe utalala wapi, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kwa hiyo usilalamike tena juu ya kiti. Kitumie.

Umesema akishakaa hanyanyuki. Basi anachagua pa kukaa kwa kuangalia macho yako. Mdanganye macho. Zamu yako ikifika, simama mbele ya mpira usioutaka. Uangalie kwa mapenzi. Piga magoti, pima, paka chaki, zunguka, rudi kwake tena. Atabeba kiti chake aende huko. Akishakaa na kuvuka miguu, nenda upande wa pili ukaingize ule uliokuwa unautaka tangu mwanzo. Kisha, mpira baada ya mpira, urudishe mweupe mahali ambapo unamtazama uso. Na usipokuwa na kitu, uegeshe mweupe ukingoni. Kila zamu ikibadilika atabeba kiti. Ni mzee mwenye kiburi, hatakubali kubebewa. Acha abebe.

Linabaki jambo moja. Ukifika mpira wa mwisho huwezi kumdanganya, maana macho yako hayana pengine pa kwenda. Atakaa mahali sahihi. Hapo fanya hivi: mpe meza mgongo wako, si yeye. Kaa ukingoni mwa meza kwa upande mmoja wa paja, mguu mmoja chini, ukimtazama yeye. Pitisha fimbo nyuma ya kiuno chako, mkono wa kushoto uiongoze nyuma yako juu ya kitambaa. Geuza shingo uone mstari, kisha umrudishie uso mzee, umsalimie, upige. Jizoeze nyumbani kwa mpini wa ufagio na machungwa.

Nimeiona ikifanywa. Na nani, hayakuhusu.

Niko nawe siku hiyo, na nitawasha mshumaa, ingawa padri hatajua ni wa nini.

Shangazi yako

*

Goma, 18 Juni 1956

Shangazi,

Salamu kwanza, nitajitahidi ziwe fupi. Wote wazima. Papa amejua kwamba siendi kwenye kwaya, kwa sababu alinikuta nimekalia meza ya chakula napiga machungwa kwa nyuma, ikabidi nieleze. Alikasirika, halafu akaniuliza machungwa mangapi yaliingia.

Jana Serkle ilijaa mpaka madirishani. Pascasie alisimama nje na masista wawili ambao walisema wanapita tu. Muzee alikuja na koti na kiti.

Nilifanya ulivyosema. Nilitazama mpira mwekundu wa kona kwa muda mrefu hivi kwamba mimi mwenyewe nilianza kuutaka. Muzee akabeba kiti, akakikunjua, akakaa. Nikaenda upande wa pili nikaingiza mitatu mfululizo nikiwa namtazama usoni. Alikohoa, na zamu haikuwa yake. Mara ya pili alisita, akafungua kiti, akakifunga, akakifungua. Mara ya tatu kilimbana kidole. Mwenzetu mmoja alitaka kumsaidia, Muzee akamwambia, "Wacha kiti yangu. Miye na kiti tunajuana." Jasho lilimtoka mpaka akavua koti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Lakini ni mchezaji, shangazi. Kila nilipokosea aliniadhibu. Tulifika saba kwa saba, mpira mmoja umebaki, karibu na shimo la kona ya jiwe, mweupe uko mbali kidogo, na palikuwa na mahali pamoja tu pa kusimama, mgongo ukielekea dirishani. Ilikuwa zamu yangu. Muzee alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaenda dirishani, akakunjua kiti, akakaa, akavuka miguu. Nilijua nikiinama nitakuwa nimeshinda mchezo na kumtukana baba wa mke wangu mbele ya kila mtu, na nikipiga kiubavu nitamkosa Pascasie.

Nikakaa mezani kwa paja moja. Nikapitisha fimbo nyuma. Nikageuza shingo, nikaona mstari, nikamrudishia Muzee uso. Nikamwambia, "Shikamoo, Papa." Nikapiga.

Sikuona kitu. Nilimwona yeye tu, macho yake yakifuata mpira. Nilipiga polepole mno, yeye mwenyewe ameniambia baadaye kwamba ulisimama mdomoni mwa shimo. Halafu meza yetu ikafanya tabia yake ya kuinama upande wa jiwe. Nikasikia umeanguka.

Hakuna aliyeshangilia, wote walimgeukia Muzee. Alikunjua miguu. Akauliza:

"Nani alikufundisha ile?"

"Ni shangazi."

"Shangazi ya wapi?"

"Ya Bukavu. Ku Kadutu."

Akafunga macho. "Séraphine," akasema, na mimi sikuwa nimemtajia jina lako. "Iko mutu moja tu nilionaka anapiga vile. Nilikuwaka dereva kule. Alisema yeye ni bibi ya watu, hawezi kuinama mbele ya bwana ya wengine. Akaikala juu ya meza, ananiangalia hivi, anacheka. Nilirudi Goma na sikumwambia mutu."

Kisha akainuka, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Kesho baba yako akuje. Rutshuru wanywe pombe yao." Nilipotoka nje Pascasie alikuwa ameketi chini kwenye mawe na masista, na hawakuwa wanapita. Alinirekebishia kola ya shati.

Papa amekwenda leo na wamepatana yote isipokuwa siku ya ndoa. Sisi tunaomba Agosti. Muzee anasema baada ya mavuno ya mwaka kesho, la sivyo Séraphine aje acheze naye mchezo mmoja, na atakayeshinda ndiye atataja siku.

Shangazi, wewe si ulisema hujawahi kushika fimbo?

Mwanao,
Honoré

*

Bukavu, 1 Julai 1956

Mwanangu Honoré,

Salamu kwako, kwa kaka yangu, kwa mama yako, na kwa Pascasie ambaye sasa namwita mtoto wangu. Nimelia kidogo, usimwambie mtu. Papa Florent amewanywesha wateja bure na ninamdai. Fundi wa paa amerudi, kwa sababu mvua imeisha.

Niliandika kwamba sijawahi kushika fimbo, na nilikuwa naandika kama mwenye baa. Siku ile baa ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo sikudanganya.

Mwambie Muzee Habarurema kwamba nimepata nafasi kwenye meli ya Alhamisi ijayo. Mwambie pia kwamba sasa yeye ni mukwe wetu, nitamheshimu kuliko siku zile, hataona mgongo wangu hata kidogo. Kiti anaweza kukiweka popote anapopenda, na kama kimemchosha Papa Florent atambebea. Pascasie aanze kushona gauni, lakini mikono iwe mifupi, Agosti huwa na joto.

Wewe njoo bandarini peke yako. Usimlete mzee wala mtu wa Serkle, nataka tuongee njiani. Katika barua zako zote umeniambia habari za mbuzi, za kwaya, hata za kiti cha msalani, lakini hukuniambia jambo moja nililolihitaji: ukiingia mlangoni, hiyo kona ya jiwe iko kulia au kushoto?

Shangazi yako,
Séraphine Nyiramahirwe